Tarumbeta Lenye Jina

Saturnini Malibiche alikuwa fundi ujenzi siku za kazi na mpiga tarumbeta siku za Jumamosi, lakini ukimwulizia mjini Nachingwea hakuna atakayekutajia hata nyumba moja aliyoijenga. Watakuambia, "Aah, yule mwenye Rosenkamp?"

Rosenkamp ni jina la kiwanda. Lilikuwa limechongwa kwa herufi za kulala kwenye domo la tarumbeta lake, na chini yake kuna maneno ya Kijerumani ambayo Saturnini hakuyaelewa ila aliweza kuyatamka. Tarumbeta hilo aliachiwa na padri mmoja mzee wa misheni aliyerudi kwao Ujerumani, wakati Saturnini akiwa bado kijana katika bendi ya kanisa. Wenzake katika bendi ile walipewa rozari. Yeye akapewa tarumbeta, na tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alilisugua kila Ijumaa kwa dawa ya kung'arishia shaba, akalilaza ndani ya sanduku lenye kitambaa laini chekundu, na mkewe Lusiana alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni kwamba katika nyumba ile kuna kitanda kimoja kizuri, nacho hakilaliwi na mtu.

Kundi alilopigia lilikuwa la Harithi, mkulima wa korosho wa Mkotokuyana, mtu mnene mwenye utani, aliyekuwa akipiga ngoma kubwa na kupokea kazi za watu. Msimu wa sherehe ukifika, kundi la Harithi halikosi. Harusi za msikitini, harusi za kanisani, mabinti, yaani wali, wakitoka unyagoni, vijana wakitoka jandoni: wapigaji hupandishwa nyuma ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, matarumbeta yakalia, vumbi jekundu likapanda, na akina mama wakatembea nyuma wakicheza hadi viatu vikawashinda wakavishika mkononi.

Sasa, katika kundi lile vyombo vilikuwa na ukoo. Juu kabisa ilikaa Rosenkamp ya Saturnini. Ikafuata saksofoni ya Masoudi, ambayo mwenyewe aliapa kuwa ni ya Mfaransa, ingawa pale penye jina palikuwa pamekwanguka. Trombone ilikuwa ya Kijapani, nayo ikaheshimiwa. Vya Kihindi vilisemekana ni vya kutundika ukutani. Vya Kichina havikusemwa chochote, vilichekwa tu. Na maneno haya hayakuishia kwa wapigaji. Mama mwenye harusi, ambaye hajawahi kupuliza hata filimbi ya mpira, alipokwenda kwa Harithi kuagiza kundi alimwuliza kwanza, "Rosenkamp itakuwepo?" Akijibiwa ndiyo, anaondoka ametulia.

Mambo yalibadilika mwaka ambao mpiga tarumbeta wa pili alihamia Mtwara. Harithi akatafuta mtu, akakosa, mpaka Jumamosi moja akafika kwenye mazoezi na kijana mrefu mwembamba aliyevaa mabuti ya mvua wakati wa kiangazi.

"Huyu anaitwa Luhende," Harithi akasema. "Anatoka Nanganga, upande wa Ruangwa. Baba yake ni yule mzee Lubasha mwenye ng'ombe."

Pale pale nyuso zikakunjamana. Wafugaji wa Kisukuma waliotoka kanda ya ziwa walikuwa wamefika wilaya hizi miaka si mingi iliyopita, na kila mkulima alikuwa na kisa chake cha ng'ombe walioingia kwenye mbaazi au ufuta. Visa hivyo wakavimeza. Lakini Luhende alipofungua mfuko wake wa turubai na kutoa tarumbeta, watu wakapata pa kutolea kile walichokimeza.

Lilionekana jipya, la njano ya kupiga macho, kama sufuria ya dukani. Masoudi akainama kusoma jina. "Fen... Fenson," akasema. Kisha akajinyoosha. "Fenson? Jamani, kijana ametuletea fenesi!"

Walicheka mpaka mpiga trombone akakaa chini. Saturnini hakucheka. Aliuliza kwa upole, kama mtu mzima anayemhurumia mtoto, "Mwanangu, hili umelinunua kwa wauza masufuria?"

"Nililinunua Mwanza, baba," Luhende akajibu. "Nimelipigia kanisani kwetu Maswa miaka yote. Halijanisumbua."

"Haya, tusikie."

Luhende akapuliza. Alianza chini, taratibu, kama mtu anayeita mifugo iliyo mbali na hana haraka nayo. Kisha akapanda, na kule juu ambako wapigaji wengi hukaza shingo na kufumba macho, yeye akafika na kukaa, sauti imenyooka, haina mikwaruzo. Harithi aliyekuwa amekalia ngoma yake akasimama bila kujua kuwa amesimama. Hata Masoudi alishika saksofoni yake vizuri, kama mtu aliyekutwa hajavaa shati.

Saturnini aliijua sauti ile. Yeye mwenyewe alikuwa akifika kule juu zamani. Miaka ya karibuni pistoni za Rosenkamp, zile za kubonyezwa kwa vidole, zilikuwa zimelika, hewa ikawa inavuja, na noti za juu zilitoka zikikohoa. Hakumwambia mtu. Alikuwa amejifunza kuzikwepa: wimbo ukipanda yeye alishusha domo la tarumbeta na kuwapungia mkono wachezaji, watu wakadhani ni madaha.

Luhende alipomaliza, wote walimtazama Saturnini, maana yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema.

"Kupiga anajua," Saturnini akasema. "Ila sauti ni ya bati."

Neno hilo moja likatosha. Wakaanza kutikisa vichwa. "Kweli, kuna ubati-bati," Masoudi akasema. "Nilikuwa nausikia, nikakosa jina lake." Mpiga trombone naye akausikia ubati. Hata Harithi, aliyekuwa amesimama kwa mshangao, akakaa tena na kusema kwamba kwa mpiga wa pili si mbaya, ubati utafunikwa na wenzake.

Basi Luhende akachukuliwa, akawekwa nyuma.

Tatizo ni kwamba mtu wa kupiga vile hafichiki kwa kuwekwa nyuma. Nachingwea ambako watu walishaambiwa, walimsikia wakasema, "Yule wa fenesi naye anajitahidi." Lakini kundi lilipokwenda Ruangwa, watu wasiojua habari za Rosenkamp wala za bati walisikiliza kwa masikio yao tu. Kwenye harusi ya bintiye mama mmoja aitwaye Amna, mfanyabiashara wa vitenge sokoni, mama huyo alipanda kwenye kirikuu na kitambaa chake begani, akampita Saturnini, akampita Masoudi, akaenda kumfuta jasho Luhende usoni mbele ya watu wote.

"Huyu mrefu apige tena!" akapaza sauti. "Hawa wengine wapumzike!"

Watu wakapiga vigelegele. Saturnini akashusha Rosenkamp na kutabasamu, na tabasamu hilo lilimchosha kuliko kupiga.

Tangu hapo hakuwa na raha. Luhende akipiga, yeye alimtazama midomo. Luhende akinywa maji, alimtazama anavyokunywa, kama vile siri ingekuwa kwenye chupa. Akisifiwa kijana, Saturnini alisikia. Akisifiwa yeye, hakusikia tena, maana alikuwa anasubiri kusikia kama na yule mwingine atasifiwa. Alipanda jukwaani akiwa na hesabu ya nani ameshangiliwa na akashuka akiwa ameshindwa kwa hesabu hiyo. Nyumbani alianza kuwasema Wasukuma bila sababu. Ng'ombe akilia mbali upande wa mtoni, alisema, "Wameshaanza."

Lusiana alimvumilia, mwisho akachoka. Siku moja akiwa anapepeta ufuta uani alimwambia, "Baba Doreen, nikuambie kitu? Hicho ulicho nacho ni uke wenza. Mimi nimemwona mama yangu nacho. Mke mkubwa anatazama sufuria ya mke mdogo, anasema haijaiva, na huku mwenyewe amekwenda kuonja."

"Usinifananishe na wanawake," Saturnini akasema.

"Wanawake walau walikuwa na mume wa kugombania. Wewe unagombania nini?"

Akaenda kusugua tarumbeta lake, na wala haikuwa Ijumaa.

Ikaja siku ya Naipingo. Kulikuwa na sherehe kubwa ya wali kutoka unyagoni, nyumba kadhaa zimeungana, watu wamejaa kutoka vijiji vyote vya jirani. Kundi la Harithi lilipiga asubuhi, kisha wakaitwa kula. Vyombo viliachwa chini ya kibanda cha makuti, na Saturnini akasema yeye tumbo linamsumbua, atabaki navyo.

Huenda hakubaki kwa nia mbaya. Huenda alitaka tu kukaa bila kumwona yule kijana. Lakini pilau ilikuwa inanukia mbali, wenzake wanacheka mbali, na Fenson ilikuwa pale karibu na goti lake, inang'aa kwa ule unjano wake wa kipumbavu. Akaichukua. Akatazama nyuma. Akafungua kofia ya pistoni ya kwanza, akaichomoa. Akafungua ya tatu, akaichomoa. Akaiweka ya tatu mahali pa kwanza na ya kwanza mahali pa tatu, akafunga. Kila mpiga tarumbeta anajua maana yake. Pistoni zikikaa si mahali pake, matundu hayakutani, hewa haina njia, na hata uwe na mapafu ya ng'ombe dume hutatoa kitu. Akakirudisha chombo kama kilivyokuwa, akajilaza, na kweli tumbo likaanza kumuuma.

Mchana wali walitolewa. Kirikuu kikaanza kwenda polepole, akina mama nyuma, vumbi juu. Harithi akatoa ishara, na kwa kuwa wimbo ule ulianzia juu, na Saturnini siku hizi hakutaka kuanzia juu, ilikuwa zamu ya Luhende.

Akapuliza. Hakuna kitu. Akakaza tena, mishipa ikamtoka shingoni, ikatoka sauti ndogo kama ya mtu anayejizuia kukohoa msikitini. Akabonyeza pistoni, akatikisa, akapuliza tena. Umati ukawa umenyamaza kumsikiliza, na katika ule ukimya Masoudi akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Fenesi limeoza!"

Naipingo nzima ikacheka. Watoto wakalichukua neno na kuliimba, akina mama wakalichukua na kulicheza. Fenesi limeoza, fenesi limeoza. Saturnini akainua Rosenkamp, akapiga wimbo ule kuanzia chini, na watu wakamshangilia kama hawakuwahi kumshangilia tangu ujana wake. Kwa muda ule alikuwa na furaha kamili. Lusiana alisema baadaye kwamba alirudi nyumbani siku hiyo akiimba, na kwamba hapo ndipo alipojua kuna jambo.

Luhende naye alipofika kwao alikaa, akafungua tarumbeta lake taratibu, na akaona namba. Pistoni zina namba, na ya tatu ilikuwa imekaa mahali pa kwanza. Kesho yake alirudi Nachingwea na baba yake.

Mzee Lubasha alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilitembea polepole kama mtu mwenye mzigo. Alikaa kwenye kiti alichopewa uani kwa Harithi, fimbo katikati ya magoti, kundi zima limekusanyika.

"Kwetu," akasema, "ng'ombe akivunjika mguu, ni bahati mbaya. Lakini akikutwa amefungwa kamba miguu, kuna mtu aliyeifunga. Mimi sijui matarumbeta. Kijana wangu anasema chombo chake kilifungwa kamba. Nimekuja kuuliza, nani?"

Kila mtu alijua nani alibaki na vyombo. Harithi akamgeukia Saturnini. "Kaka, wewe ulikuwepo. Kuna mtu alikuja pale?"

"Hakuja mtu," Saturnini akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini, Harithi? Chombo ni cha Kichina. Leo kinalia, kesho hakilii. Hivyo vitu pistoni zake zinacheza ovyo ndani. Mimi nimepiga tarumbeta miaka yote hii, umewahi kusikia Rosenkamp imezima barabarani?"

"Pistoni haiwezi kujichomoa yenyewe, ikatembea, ikaingia tundu la tatu!" Luhende akasema. "Hata ingekuwa ya udongo!"

"Taratibu, kijana," Masoudi akasema. "Unasema na wakubwa. Labda uliiosha ukasahau kuirudisha vizuri. Vyombo hivi vya bei rahisi hata namba zake hazieleweki."

Na wote wakaafiki. Hilo ndilo lililokuwa la ajabu. Si kwamba walimpenda Saturnini kuliko haki. Walikuwa wanangoja fenesi lioze tangu siku walipoliona, na sasa limeoza, wangetafuta sababu nyingine ya nini? Mzee Lubasha aliwatazama mmoja mmoja. Akasimama, akamwambia mwanawe maneno mawili ya kwao, wakaondoka. Luhende hakurudi tena kwenye kundi la Harithi.

Saturnini alishinda. Ushindi huo alikuja kuulipia kidogo kidogo. Luhende aliunda kundi lake Ruangwa. Akachukua vijana wa wafugaji aliowafundisha nyimbo za kanisani, akachukua na vijana wa Kimwera na Kiyao waliokuwa hawana kazi, na wote akawaagizia vyombo vya Fenson, vya njano vilevile. Wakitokea barabarani mchana wa jua, macho yalikuuma. Amna wa vitenge akawashonea sare. Harusi za Ruangwa zote zikawa zao, na habari zikavuka mpaka Nachingwea. Saturnini akawa anazisikia sokoni, kwenye misingi ya nyumba anazojenga, kwa vibarua wake. Akiulizwa alisema, "Ni vijana wazuri. Ila ubati." Na Nachingwea bado walimwamini. Luhende alipoomba kazi huku, watu walimwambia wazi: tunaogopa, shughuli yetu isije ikazimikiwa njiani kama ile ya Naipingo.

Kisha Doreen akapata mchumba. Doreen ni binti pekee wa Saturnini, mshonaji wa nguo Ruangwa mjini, msichana wa maneno ya kukata. Alikuja nyumbani akakaa kati ya wazazi wake na kusema harusi itafungwa Nachingwea, kanisani kwao, na matarumbeta anayoyataka ni ya Luhende.

"Baba yako ni nani?" Saturnini akauliza.

"Wewe siku hiyo ni baba wa bibi harusi. Utapiga saa ngapi na utanishika mkono saa ngapi? Na isitoshe, baba, wale vijana wanapiga vizuri. Nawasikia kila wiki."

Saturnini akatoka nje. Lusiana akamfuata hadi kwenye tofali alizokuwa amezipanga uani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Utakwenda Nanganga. Mtoto hajui ulichofanya, na mimi sitamwambia. Lakini yule kijana hawezi kuja kupiga kwenye nyumba hii bila wewe kwenda kwanza."

"Nani amekuambia nilifanya kitu?"

"Wewe. Siku ile uliyorudi unaimba."

Alikwenda kwa bodaboda. Akamkuta Luhende zizini anamkamua ng'ombe, na kijana hakuacha kukamua. Saturnini akasimama nje ya zizi, akasema kwa ufupi, kama anavyotema mtu kitu kichungu: ni yeye aliyebadilisha pistoni. Anaomba msamaha. Anaomba pia waje kupiga kwenye harusi ya binti yake.

"Najua ni wewe," Luhende akasema. "Nilijua nilipoona namba. Pole yako haina kazi kwangu, baba. Mimi wewe hunidai na sikudai. Lakini Nachingwea sipati kazi, kwa sababu wanasema Fenson huzimika. Nataka ukawaambie wao. Siku ya harusi, watu wakiwa wamejaa, sema Fenson haikuharibika. Ukisema hivyo nitapiga."

Saturnini alirudi akiwa hoi. Kumwambia mtu mmoja zizini alikuwa ameweza. Kuwaambia Nachingwea yote ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Lakini Doreen alishashona gauni.

Siku ya harusi, baada ya misa, watu walikusanyika uani. Kundi la Luhende limepanga mstari, njano tupu. Harithi na Masoudi walikuwepo kama wageni, wamekaa mbele. Ilipofika zamu ya baba wa bibi harusi kusema, Saturnini akashika kipaza sauti. Akawashukuru wageni.

"Kuna jambo nataka mlijue," akasema. "Siku ile ya Naipingo, tarumbeta la huyu kijana halikuoza. Ni mimi niliyelibadilishia pistoni kwa mikono yangu, kwa wivu. Chombo kilikuwa kizima. Ni kizima hadi leo."

Kisha Harithi akaanza kupiga makofi. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mnamwona huyu mzee?" Harithi akasema kwa sauti. "Mnauona moyo? Anabeba aibu ya kijana wa watu mbele ya binti yake, ili kijana apate riziki! Nani mwingine angefanya hivyo?"

Makofi yakaenea uani pote. Akina mama wakapiga vigelegele. "Muungwana!" mtu akapaza sauti. Saturnini akasema kwenye kipaza sauti, "Hapana, sikilizeni, ni kweli," na kadiri alivyosema ni kweli ndivyo walivyozidi kumpenda. Doreen alimwangalia baba yake, akamwangalia mama yake, na mama akageuza uso. Kati ya wote waliokuwa hawajui, Doreen peke yake ndiye aliyeelewa kuwa ni kweli.

Luhende alikuwa amekunja uso kwa hasira. Alitoka kwenye mstari akaja hadi kwa Saturnini, akamsukumia Fenson kifuani. "Basi piga," akasema. "Wasikie wenyewe."

Saturnini akapiga. Pistoni zilikuwa laini, hewa haivuji, na alipopanda alifika kule juu ambako hakuwahi kufika kwa miaka. Akakaa kule, akiogopa kushuka. Alipomaliza, Masoudi akaruka kutoka kitini.

"Mnaona fundi?" akasema. "Saturnini hata umpe bomba la maji atalipiga!"

Watu wakacheka kwa furaha, na Fenson haikupata hata neno. Ndipo Luhende, kama mtu aliyechoka kubishana, akaingia ndani ya nyumba na kutoka na lile sanduku. Hakuomba ruhusa. Akaitoa Rosenkamp, akaigeuza mkononi, akazisikiliza zile pistoni zilizolika, na akaanza kupiga. Alipiga kwa kuizunguka ile mivujo, akijaza kwa pumzi pale chombo kiliposhindwa, na wimbo ukawachoma wote uani. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba sinia la pilau alisimama nalo hapo hapo.

Wimbo ukaisha. Mzee mmoja aliyekaa karibu na Saturnini akavuta pumzi, akasema, "Sikia chombo hicho! Mjerumani alijua kutengeneza. Hata ukimpa nani, kinalia tu."

Saturnini alilisikia neno hilo likimwingia. Miaka yote ile ya Jumamosi, midomo imepasuka, mashavu yameuma, akina mama wakimshangilia kwenye vumbi, kumbe hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema: kinalia tu. Alikuwa amemwonea wivu kijana kwa sifa, na sifa zake mwenyewe hazikuwahi kuwa zake. Alitazama lile tarumbeta mikononi mwa Luhende, na kwa mara ya kwanza akalionea wivu lenyewe, kama mtu anavyomwonea wivu ndugu aliyependwa na baba kuliko yeye.

Luhende alimrudishia tarumbeta. Walitazamana, na nadhani hapo ndipo wale wawili walipoelewana, ingawa hawakupatana.

Rosenkamp aliiuza kwa Masoudi mwezi uliofuata, pamoja na sanduku na kitambaa chake. Masoudi hajui kupiga tarumbeta. Ameiweka sebuleni na anawaonyesha wageni. Saturnini akanunua Fenson. Nachingwea walisikitika, wakasema mzee amefilisika, au Wasukuma wamemroga. Sasa anapigia kundi la Ruangwa, mstari wa pili, nyuma ya vijana wanaoweza kuwa wanawe.

Usidhani wivu umemtoka. Luhende akifutwa jasho na mama wa watu, Saturnini bado hutazama pembeni, na huwa anakumbuka kwa ghafla kwamba lazima akaze skrubu fulani. Juzi kwenye mazoezi Nanganga walikuwa wanajifunza wimbo mpya, na kwenye sehemu ya kupanda Saturnini alivuta noti ndefu kuliko ilivyotakiwa, akaifunika ya kijana. Luhende akasimamisha kundi zima.

"Baba, umeshikilia sana pale."

"Nimeshikilia kwa sababu naweza."

"Najua unaweza. Achia."

Vijana wakatazama chini wakizuia kicheko. Saturnini akatema mate pembeni, akapangusa kipulizio kwa shati, na akasema turudie toka mwanzo. Wakarudia. Ilipofika pale aliachia mahali palipotakiwa, ila si mapema hata kidogo.